Mtafsiri wa Filamu ya Ndege

Watu wa Jebel, mtaa wetu hapa Juba, wakikuambia kwamba Mtafsiri aliua mtu, waulize alimwua kwa silaha gani, uone watakavyoanza kukagua kucha zao. Hakushika panga. Hakushika jiwe. Hata kwenye ile ndoo ya rangi aliyoifanya kiti hakuinuka. Alichoshika ni maiki, na mimi nilikuwa upande wa pili wa mabati ya kibanda chake nikichemsha chai. Nimebishana na watu wengi kama yule bwana ni mwuaji au si mwuaji, na kuna siku nimebishana na nafsi yangu nikashindwa pande zote mbili.

Kazi yake ilikuwa kuzungumza juu ya filamu. Aliyekaa Uganda hahitaji kuelezwa. Kwa asiyejua, filamu inakuja na lugha ya wenyewe, Kiingereza au Kichina, na watazamaji wa kibanda cha video ni waendesha boda, wachuuzi, askari walio likizo na mama wauza samaki. Basi mtafsiri anakaa kando ya kitambaa cheupe, anapunguza sauti ya filamu, halafu anawasemea wote: shujaa, adui, mke wa adui na mbwa wao. Watu wetu walirudi na desturi hiyo kutoka ukimbizini pamoja na chapati ya mayai. Jina lake nalijua, ila Jebel nzima ilimwita Mtafsiri, nami sitajifanya ndugu yake leo.

Kiswahili chake alikipata kwa makofi. Alikulia upande wa Uganda wakati ambapo Kiswahili kule kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, uso ukiwa mavumbini. "Maneno yangu ya kwanza," aliniambia, "ni lala chini, toa kitambulisho, na wewe nacheka nini." Mimi nimesomea Kenya, nimekaririshwa ngeli mpaka nikaziota, kwa hiyo nilipenda kumchokoza. Nikimsahihisha, ananyoosha kikombe nimwongezee chai.

"Dada, ngeli yako iko mzuri sana. Lakini hapana jaza kibanda."

Hapo alikuwa ananimaliza, maana kibanda chake kilijaa na wateja wangu walitoka humo humo. Chai yake ilikuwa ya tangawizi yenye chumvi badala ya sukari, eti sukari inalaza ulimi. Aliinywa akiwa amevaa koti la suti la kahawia, katika joto la Juba ambalo hata mbwa wanalikimbia. Nilipomwuliza kwa nini anajipika hivyo, alisema mtu anayesemea wafalme na majenerali hawezi kukaa na fulana.

Alikuwa mkali. Mlangoni aliweka kipande cha mpira wa maji, na nilimwona kwa macho yangu akimchapa nao mtu mzima mwenye wake wawili aliyeingia kwa kuruka ukuta. Yule mtu aliomba msamaha, akaketi, akatazama filamu mpaka mwisho. Lakini Krismasi moja alipewa kuku, akaniletea amemshika mbali na mwili kama sufuria ya moto. "Chinja wewe," akasema, akanipa mgongo mpaka nilipomaliza. Na huyo huyo, filamu ya vita ikianza, alikuwa anaua watu kwa furaha isiyo na kifani. "Huyu amekwenda! Pelekea mama yake suruali, mguu tutatafuta kesho!" Kibanda kinalia kwa kicheko. Nusu ya waliocheka walikuwa wamewahi kutafuta mguu kweli.

Filamu ya ndege ilikuja kwa makosa. Mchuuzi wa Kampala alimjazia flashi filamu za vita, na moja kati ya hizo ilipofunguliwa, Jumapili mchana baada ya kanisa, watu wamebanana mpaka mlangoni, kikatokea kiota. Kiota juu ya paa la nyumba ya khawaja, mzungu fulani wa huko kwao, na korongo wawili weupe wakigongana midomo. Watu walingoja bomu lianguke. Halikuanguka. Korongo wakaruka, ukaja muziki wa polepole, yakaja mawingu. Nilisikia miluzi, halafu matusi kwa lugha zote tulizo nazo, halafu viatu vikigonga kitambaa. Benchi moja lilivunjwa mguu ili mguu upate kutumika.

Ndipo aliposhika maiki. "Kaa chini! Nyinyi hapana ona? Hii ni konvoi!"

Neno hilo liliwakalisha. Barabara ya Nimule ndiyo inayotuletea unga, sabuni na ndugu zetu kutoka Uganda, na magari huipita kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya wale wanaojificha majanini na bunduki. Kila aliyekuwa kibandani alikuwa amesafiri kwa konvoi, au amezika mtu aliyesafiri.

"Huyu ya mbele ni dereva," Mtafsiri akaendelea, na watu wakaanza kunyamaza. "Hapana lala tangu Ulaya. Huyu ya nyuma ni mama, amebeba mtoto, amebeba godoro, amebeba na sufuria. Wanapita Misri, hapana mtu nauliza kitambulisho. Wanapita jangwa, hapana mtu nasema shuka chini. Sasa nakuja Malakal! Nakuja Bor! Angalia chini, nyinyi, ile si mto yetu?"

Mto Nile ulipotokea, kibanda kizima kilisimama. Walikuwa hawajawahi kuuona kutoka juu. Mtu mmoja aliapa kwamba ng'ombe wanaoonekana pale ukingoni ni wa mjomba wake, akataka picha isimamishwe awahesabu. Tangu hapo filamu ya ndege ikawa ya kila Jumapili. Simu zilikuwa zimeshaanza kuua vibanda mjini, kila kijana na vita vyake mfukoni, lakini korongo walikiweka cha Jebel hai.

Baadaye walikuja kwangu kubishana. Askari mmoja alisimulia kwamba walimbanika korongo aliyekuwa na pete mguuni, na kambi nzima ikakesha na wasiwasi kwamba pete ile ni redio ya adui, mpaka mkubwa wao akaamuru izikwe mbali. Mama mmoja muuza samaki mkavu, ambaye kiti chake kilikuwa benchi la mbele, alitaka kujua ndege hawa wanarudi baridini kufanya nini. "Wana nyumba mbili kama mawaziri," alisema. Wengine walisema wana akili kuliko sisi, wanakimbia kabla ya njaa na siyo baada yake. Mtafsiri alisikiliza yote, na nilipomwuliza yeye anawapendea nini, alijibu huku akitazama kikombe: "Nakwenda, narudi. Hapana mtu naandika jina yao." Nilitaka kumtania, nikaona ana uchungu, nikaacha.

Lakini mtu asidhani ilikuwa ibada. Katikati ya filamu kulikuwa na wawindaji, wanaume waliojibanza nyuma ya ukuta wa mawe na bunduki, katika nchi fulani ambayo korongo hupita. Wanafyatua, na ndege wanageuka hewani manyoya yakitoka. Wawindaji hao Mtafsiri aliwapa kile Kiswahili cha vizuizini: lala chini, wewe nacheka nini. Alikisema kwa chuki ya kweli, mate yakirukia maiki. Kibanda kilikuwa kinachafuka. Viatu vilirushwa. Wanaume walisimama wakimwelekeza dereva akate kushoto, wanawake walipiga mayowe yale yale ya msibani, na wapo waliopigana wao kwa wao kwa sababu mmoja amemziba mwenzake asione.

Halafu walidai kisasi. Filamu haikuwa nacho, kwa hiyo Mtafsiri alikitengeneza. Kuna mwindaji mmoja aliyejikwaa kwenye jiwe akaanguka, jambo dogo tu, lakini Mtafsiri alilirudisha nyuma tena na tena, polepole, akimwua kila safari kwa namna mpya: amevunjika shingo, amejipiga risasi, ameng'atwa na nyoka wa mama mkwe. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka na vikombe vyangu vikahama kwenye meza.

Ila ndege hakuwahi kumwua. Yule korongo aliyepigwa waziwazi, akaanguka na kubaki, Mtafsiri alimsemea kila Jumapili: "Amelala. Amelala kidogo. Atakuja na gari ya nyuma." Mama wa samaki anauliza, "Atakuja kweli?" Naye anamjibu, "Mama, atakuja." Na mwishoni, akitua korongo yeyote kwenye matete akichechemea, anatangaza kwamba ndiye. Sisi si vipofu. Tuliona kwamba siye, na hakuna aliyewahi kumsahihisha, hata mimi.

Viatu vile vilivyorushwa ndivyo vilivyomleta Fundi. Alikuwa mshona viatu, mtu mfupi mwenye sauti ya kikohozi, na aligundua mapema kwamba filamu inayorushiwa viatu ni neema kwake. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wawindaji wakishamaliza maasi yao anaokota viatu vilivyokatika, anaanza kushona huku akitazama ndege wakivuka mto. Watu walimjia peku baada ya filamu wakikuta kazi imekwisha. Yeye hakurusha kiatu hata mara moja. Alisema hawezi kupiga kitu kwa mkate wake. Mtafsiri alimpenda, na alikuwa akimmenyea nusu ya chungwa lake kabla ya jenereta kuwashwa.

Sasa nieleze jinsi Mtafsiri alivyozima ugomvi, maana ndilo jambo lenyewe. Watu wakishikana mashati kibandani, hakuwaamua. Aliwatafsiri. Alisimamisha filamu, akageuza mdomo upande wao, akawasemea kama waigizaji: huyu amekunja ngumi lakini ngumi naomba ruhusa kwa mke wake, huyu nakimbia lakini nasema nafanya mazoezi. Watazamaji wanacheka, wapiganaji nao inawabidi wacheke, kwa sababu ni vigumu kumpiga mtu sawasawa huku ukisikia unachekesha. Niliona akiwakalisha kwa njia hiyo askari wenye bastola viunoni. Alijivunia kuliko kitu chochote. Alisema polisi wana virungu na bado hawawezi.

Jumapili ile ilikuwa ya kiangazi. Katikati ya wiki magari yalikuwa yamevamiwa kwenye barabara hiyo ya Nimule, mbele ya Nesitu, na maiti walipitishwa mjini nyuma ya pikapu, wamefunikwa kwa maturubai mafupi. Kabila la waliofanya lilikuwa limeshajulikana ingawa hakuna aliyewaona. Sitalitaja. Mwaka mwingine lingekuwa lingine, na mwaka mwingine langu. Fundi alikuwa wa kabila hilo. Alipopita kwangu nilimwambia, "Kaka, leo si ungepumzika nyumbani?" Akajibu, "Nyumbani viatu nitapata wapi?" Akaingia na begi lake la sindano.

Yaliyofuata ndani niliyaunganisha baadaye. Wawindaji walipotokea, mtu fulani alipaza sauti kwamba leo wawindaji wasiongee Kiswahili, waongee lugha ya wale wa barabarani. Wengine wakadakia. Mtafsiri alikuwa amepata moto, kibanda kinamtaka, na yeye alikuwa mtu asiyeweza kukinyima kibanda. Akawapa wawindaji salamu moja ya lugha ile, salamu ambayo hata watoto wa soko wanaijua. Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha, na vichwa vikageuka kuelekea mlangoni, kwenye benchi la mwisho.

Mimi nilisikia benchi likianguka, halafu nikasikia sauti yake. Jenereta lilikuwa kati yetu likimeza maneno, lakini mwendo wa sauti niliujua: ni ule wa kuwatania wanaopigana. Kicheko kikaja, kikubwa. Nikaendelea kupanga vikombe. Kikaja kingine, chembamba. Sauti yake ikaongeza kasi, ikapanda, ikawa inamwaga maneno bila kupumua, na chini yake pakawa na mlio mwingine, mzito, kama watu wanaokung'uta godoro. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Sauti haikuwa imekwisha.

Kisha wanaume wakatoka mmoja mmoja, hawakukimbia, wakinyoosha kola zao. Niliingia. Fundi alikuwa kati ya mabenchi na uso wake haukuwa uso tena. Walimpiga kwa mbao za kukalia, na mmoja alitumia nyundo yake mwenyewe ya kushonea. Damu ilikuwa imefika mpaka ukutani, kwenye picha za wacheza mpira. Filamu ilikuwa imeachwa iendelee, korongo wanatua majini, na Mtafsiri, juu ya ndoo yake, macho yamemtoka, alikuwa bado anazungumza: konvoi imefika, konvoi imefika. Nilimnyang'anya maiki nikampiga nayo mdomoni. Jino lilitoka. Sijutii.

Polisi walipouliza, kila mtu alikuwa msalani. Choo cha Jebel kinachotosha mtu mmoja kilibeba kibanda kizima mchana ule. Jioni ndugu za Fundi walikuja na petroli, wakachoma kibanda, na moto haukujua mpaka wa biashara yangu. Siwalaumu kwa kibanda. Kwa masufuria yangu nitawalaumu mpaka nife. Mtafsiri walimkosa, alikuwa ametoroka na koti lake.

Mvua zilikuja zikaenda. Nilishajenga kibanda kingine cha chai, cha maturubai, aliponijia mjane wa Fundi. Ni mwanamke mrefu wa maneno machache, tuliyezoea kumwita Mama. Aliketi, hakunywa. Alikuwa amewazungukia wote waliokuwemo siku ile, na kila mmoja alimwambia kwamba alitoka mapema. Watoto wake wanamwuliza baba alikufaje, naye hana cha kuwaambia.

"Mimi nasikia mambo mia," alisema. "Mtu moja tu alikuwa mbele, naona yote. Iko wapi?"

Nilijua alipo. Madereva walikuwa wameniambia. Basi tulipanda gari asubuhi iliyofuata, sisi wawili, mpaka Nesitu, pale malori yanapopumzika yakitoka Nimule.

Alikuwa anaziba pancha. Amekonda, amevaa fulana, pengo mbele ya mdomo. Kompresa ilikuwa inaunguruma karibu naye kiasi kwamba aliyetaka tairi lake alinyoosha kidole tu. Alipotuona alinitambua mimi kwanza, kisha akamtazama Mama, na nilimwona akijua tumefuata nini. Nilifikiri atakimbia. Akazima kompresa.

"Mama," alisema. "Karibu. Kaa."

Mama alikaa juu ya tairi. "Mimi hapana kuja kupigana. Nataka wewe ongea. Kila kitu, hapana ficha."

Akamwambia. Alianzia kwenye salamu, akakiri kwamba ni yeye aliyeitoa. Akamtajia waliokuwa mbele na aliyeshika nyundo, kwa majina. Alisema kwa sauti ya chini na bila mbwembwe, nami nilimwona Mama akiyapokea majina hayo moja moja bila kupepesa. Kisha akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu.

"Na wewe, na maiki yako. Ulikuwa nasema nini?"

Mtafsiri alijifuta mikono kwa tambara muda mrefu. "Mama, hiyo acha."

"Sema."

"Mama..."

"Sema vile ulisema."

Akasema. Alianza akiwa ameinamia tairi, kwa kunong'ona, lakini maneno yale yalikuwa yametengenezwa kwa sauti nyingine, na yakaivuta sauti ile ije. "Sasa hapa iko Bwana Fundi. Amevaa viatu ya mtu, mwenye viatu nakuja kuchukua Jumatatu. Kijana natupa ngumi, amekosa! Amepiga hewa! Hewa naanguka, hewa nalia, mama ya hewa iko njiani na uji! Fundi naingia chini ya benchi. Fundi, natafuta sindano? Sindano iko kwa mdomo yako!"

Nyuma yetu wapakiaji wa malori walikuwa wamekaa kivulini wakinywa soda. Hawakujua sisi ni nani wala habari ni ya nini. Walicheka. Mmoja alirudia, "Mama ya hewa!" akajipiga paja, na wenzake wakaanza upya. Ilichekesha kweli.

Mama alingoja wamalize. Hakuwageukia.

"Na yeye?" akauliza. "Bwana yangu. Alicheka?"

Mtafsiri alianza kulia, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa tumboni. "Alicheka. Mwanzo alicheka. Alikuwa chini ya benchi, damu iko kwa jicho, ananiangalia mimi. Alikuwa nangoja mimi namaliza, ndiyo watu nakaa."

"Na wewe ulimaliza lini?"

Mtafsiri aliinamia tena tairi. Mama alibaki amemkazia macho, mikono magotini, akimsubiri, nami nikasubiri pamoja naye, mpaka mwenye tairi akaja kuuliza kama kazi yake iko tayari.